Waya wa amplifaya uliosukwa kwa mkono: shaba, mkono na maneno

"Mgosi, huu waya una nini ndani?"

Hilo ndilo swali nililoulizwa kuliko yote mwezi ule nilipokuwa natafuta wa kumuuzia waya wangu wa umeme. Nauzungumzia ule unaotoka soketi ya ukutani na kuingia nyuma ya amplifaya, ambao hapa Tanga wengi tunauita waya wa kompyuta kwa kuwa kichwa chake ni kilekile. Mweusi wa kawaida unaupata Ngamiani kwa elfu chache, na ukielewana na muuzaji unapewa nyongeza ukinunua kitu kingine. Wangu alinisukia fundi kwa mkono. Umevishwa soksi ya pamba ya kahawia, una unene wa kidole gumba, na niliutolea shilingi 180,000. Mtu nikimtajia bei hiyo anacheka kwanza, kisha anaushika, kisha anauliza lile swali.

Swali lenyewe si la mzaha. Ndani ya bei ya waya wa namna hii wamekaa wapangaji watatu: shaba, mkono wa fundi, na maneno. Ukiwa mpya wanalipiwa kwa risiti moja. Ukishakuwa mtumba kila mmoja anashika njia yake, na muuzaji asiyejua yupi kabaki na yupi kahama, ama atapunjwa ama atapunja.

Shaba inapimika, kwa hiyo hiyo ni rahisi. Waya wangu una nyuzi tatu za 2.5, kama wanavyosema mafundi, yaani kila mmoja una milimita za mraba 2.5, na urefu wake ni meta moja na nusu. Ule wa bure unaokuja na redio mara nyingi ni wa 0.75. Wa 0.75 una ukinzani, yaani kuuzuia umeme usipite, wa takriban omu 26 kwa kilometa, na wa 2.5 una kama omu 8. Umeme huenda na kurudi, basi meta moja na nusu tuihesabu tatu. Amplifaya inayokula ampea 2, ambazo ni karibu wati 460 na jirani ameshaanza kugonga ukuta, itapoteza volti 0.16 kwenye waya mwembamba na volti 0.05 kwenye wangu. Tofauti yake ni sehemu moja ya kumi ya volti. Kwa kusema haki, amplifaya hainywi umeme mfululizo kama bomba la maji. Huufyonza kwa mafunda mafupi, mara 100 kwa sekunde, kila wimbi linapofika kileleni, ili kujaza kapasita zake, vile vyombo vya ndani vinavyouhifadhi umeme kwa muda. Hapo kileleni upotevu ni mara kadhaa ya huo niliotaja. Hata hivyo, volti moja nzima bado hatujaifikia.

Hesabu hiyo iweke kando ya safari ya umeme wenyewe. Ule unaozalishwa mkoani kwetu kwa maji ya Mto Pangani, pale Hale na pale Pangani Falls penye megawati 68, unaingia gridi ya taifa na kuchanganyika na wa kwingine. Unashushwa hadi volti elfu 33 au elfu 11, transfoma ya mtaani inaushusha tena hadi 230, unapita nguzo kadhaa, unaingia mita, unazunguka ndani ya ukuta wa nyumba. Meta moja na nusu ya mwisho ndiyo tunayoivisha soksi.

Tena hiyo 230 ni ya kwenye karatasi. Usiku saa mbili, kila nyumba imewasha televisheni na feni, nimepima kwangu Makorora nikakuta 201. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 200, amplifaya ya kawaida inapoteza karibu robo ya nguvu yake, kwa sababu nguvu hufuata mraba wa volti. Mwenye tatizo kama langu na shilingi 180,000 mfukoni, stebilaiza ingemfaa zaidi. Nililijua hilo siku ninanunua? Wapi! Nilikuwa nimesikiliza amplifaya ya mtu, chumbani kwa mtu, huku nakunywa kahawa ya mtu, na kila kitu kilikuwa kitamu.

La kujihadhari zaidi ni shaba ambayo si shaba. Siku hizi kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu, unauzwa kwa sura ya shaba tupu. Alumini hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 tu ya shaba, na ikibanwa na skrubu hulegea haraka. Kuijua hakuhitaji maabara: kwangua uzi mmoja kwa wembe, ukiona weupe, umeshajua. Na wepesi wake unausikia mkononi kabla hata ya wembe.

Sasa yule mpangaji wa tatu, maneno. Ndiye aliyekaa chumba kikubwa.

Wauzaji wa nyaya za aina hii duniani kote wanasifia shaba ya "tisa sita", yaani safi kwa asilimia 99.9999. Shaba ya kawaida ya nyaya za umeme ni safi kwa asilimia 99.9 tayari, na kinachoongezeka katika upitishaji ukipanda hadi huko juu ni kama asilimia moja au mbili. Fedha, ambayo hakuna metali inayoizidi kwa kupitisha umeme, inaipita shaba kwa takriban asilimia 6. Ukiitaka hiyo 6, ongeza unene wa shaba kidogo, umemaliza. Wengine watakwambia waya unatakiwa "kuiva", uchomekwe masaa mia mbili kabla sauti haijafunguka. Ukiwa muuzaji wa mtumba hapo unaingia kishawishi: wangu umeiva miaka mitatu, si ingekuwa sababu ya kupandisha bei? Sijaona kifaa kinachopima huko kuiva, kwa hiyo sikupandisha bei.

Kuna pia mishale. Baadhi ya nyaya zina mshale unaoonyesha upande wa kuelekeza. Umeme huu unakwenda mbele na kurudi nyuma mizunguko 50 kila sekunde, haujui mshale. Maana pekee ya mshale ni pale ambapo wavu wa kukinga kelele umeungwa na ethi, ule uzi wa kwenda ardhini, upande mmoja tu. Na hata hapo, upande mmoja una plagi ya ukutani na wa pili una kichwa cha kuingia kwenye amplifaya. Nionyeshe anayeweza kuuchomeka kinyume.

Nilipoamua kuuza nilitaka kujua mwenyewe ninachouza, nikamwita mpwa wangu aliye kidato cha tatu. Nilikaa kwenye kiti nimeangalia mlango, amplifaya iko nyuma yangu. Yeye alirusha sarafu, akachomeka waya wa soksi au mweusi kufuatana na sarafu, akaandika kwenye daftari lake la hesabu, akapiga taarabu moja ya zamani ninayoijua hadi pale mpiga fidla anapovuta pumzi. Nilitaja waya, tukarudia, mara kumi. Mtu anayebahatisha tu anaweza kupatia 8 au zaidi katika kumi kwa bahati kama mara 5 au 6 katika kila majaribio 100, na 9 au zaidi kama mara moja. Ningepata 9 ningekuwa na la kusema. Nilipata 6. Mpwa wangu aliandika 6/10 kwa kalamu nyekundu kama mwalimu wake, akaniuliza kama anaweza kwenda kucheza mpira.

Kabla ya hapo ningekuapia kwamba waya ule unafungua sauti ya fidla.

Nisije nikaonekana nimewafunga midomo wote, kuna mahali wenye nyaya hizi wana hoja. Kwanza, ethi. Ukiwa na amplifaya, king'amuzi na kompyuta vimeunganishwa kwa nyaya za sauti, mikondo midogo hutembea kwenye ethi za nyaya za umeme, na tofauti ndogo ya volti kati ya bodi moja na nyingine husikika kwenye spika kama mngurumo. Ethi nene yenye ukinzani mdogo huipunguza tofauti hiyo. Pili, wavu wa kukinga na nyuzi kusokotwa pamoja huzuia waya wa umeme kuutilia kelele waya wa sauti ulio jirani yake, hasa kule nyuma ya kabati ambako kila kitu kimelala juu ya mwenzake. Tatu, na hili ndilo naliamini kuliko yote, kichwa kinachoshika. Mara nyingi mtu akikwambia waya mpya umeibadilisha sauti, ujue waya wa zamani ulikuwa umelegea.

Hapo tumeshaingia kwenye mkono wa fundi, na kwa anayeuza au kununua mtumba, hapa ndipo penye kazi.

Waya wa kiwandani una plagi iliyomwagiwa plastiki. Ndani yake hukuoni mpaka uivunje. Wa fundi una skrubu, na hiyo ni faida ambayo wauzaji wengi hawaitumii: wanautangaza kwa picha za soksi na vichwa vinavyometa, kumbe wangeufungua wakapiga picha ya ndani. Mimi kila aliyekuja nilimpa bisibisi.

Ukiifungua plagi ya miguu mitatu, hii ya pembe nne tunayotumia Tanzania, laivu ya kahawia, inayoleta umeme, ndiyo inayopita kwenye fyuzi, nyutro, inayourudisha, ni ya buluu, na ethi ya kijani na njano inapanda mguu mrefu wa juu. Fundi anayejua kazi huiacha ethi ndefu kuliko wenzake ndani ya plagi, ili siku mtu akijikwaa kwenye waya, laivu ing'oke kwanza na ethi iwe ya mwisho. Kibanio kibane ganda la waya lenyewe, kisibane soksi peke yake, maana soksi huteleza. Kisha angalia ncha za nyuzi. Kwangu zimevishwa vijimirija vya shaba vilivyobanwa kwa koleo kabla ya kuingizwa chini ya skrubu. Nimeona kazi za watu waliozipaka lehemu wakidhani ndiyo ustadi. Lehemu ni laini; skrubu uliyoikaza leo, baada ya miezi inakuwa imezama ndani yake na kulegea, panaanza kupata joto, plastiki inageuka kahawia. Fundi wangu aliwahi kunionyesha plagi ya namna hiyo, ukiinusa unakumbuka samaki aliyeungua.

Fyuzi nayo ina kisa. Kazi yake ni kuulinda waya usiwake moto, kwa hiyo ukubwa wake ufuate waya: ya ampea 13 inaendana na nyuzi za 1.5 kwenda juu, na waya wa 0.75 unastahili ya 3. Wapo wanaoitoa na kuweka kipande cha shaba wakiamini fyuzi "inabana sauti". Mtaani kwetu tulikuwa na msumari na karatasi ya sigara kwa shughuli hiyohiyo, ila sisi tulikuwa hatuna hela ya fyuzi. Kwa moto wote ni sawa. Ukikuta waya wa mtumba wa hivyo, rudisha fyuzi kwanza, bei baadaye.

Tatizo jingine la waya wa soksi ni kwamba soksi huficha kitambulisho. Ganda la waya wa kiwandani huwa limeandikwa, kwa mfano H05VV-F 3G2.5. Tafsiri yake kwa lugha ya kawaida: waya laini wa volti 300 kati ya uzi na ethi na 500 kati ya uzi na uzi, wa plastiki ndani na nje, nyuzi tatu ikiwemo ethi, kila mmoja 2.5. Fundi wangu alikuwa na akili, aliacha sentimeta mbili chini ya kichwa bila soksi, maandishi yasomeke. Kama wako hauna dirisha hilo, ufungue upande mmoja uivute soksi nyuma kidogo. Mnunuzi asiyeonyeshwa maandishi ana haki ya kuuhesabu kuwa hauna jina.

Nyaya za mtumba kutoka Japani zina la kwao. Kule umeme ni volti 100, na kwenye plagi zake za miguu miwili utakuta pameandikwa 125V. Kuna wanaozivisha soksi, wakaziwekea adapta, wakaziuza. Sauti itatoka, lakini umeuweka waya mahali ambapo aliyeutengeneza hakuukusudia, na ethi hakuna.

Na kuna chumvi. Sisi tunaoishi karibu na bahari tunajua shaba nyekundu na ya njano zinavyopata ukungu wa kijani. Dhahabu, kinyume na wengi wanavyodhani, hupitisha umeme vibaya kuliko shaba. Ilichobarikiwa ni kutoshika kutu. Kwa hiyo vichwa vilivyopakwa dhahabu, ambavyo mwenye nyumba Dodoma anaweza kuviona urembo, kwangu vilifanya kazi kweli. Baada ya miaka mitatu ya upepo wa bahari, miguu ya waya mweusi ilikuwa na madoa, na ya wangu ilikuwa kama jana. Hiyo ndiyo sifa pekee niliyoisema kwa sauti kubwa, maana nilikuwa na ushahidi wa pande zote mbili mezani.

Kupima kabla ya kuuza hakuchukui muda. Weka mita ya fundi, ile ya mkononi ya kupimia umeme, kwenye mlio, shika ncha mbili za uzi mmoja, kisha pindapinda waya karibu na vichwa. Mlio ukikatika, ndani nyuzi zimekatika. Fanya hivyo kwa zote tatu, na uhakikishe hakuna inayolia na mwenzake. Mita hiyohiyo mtu asikuletee ili kukuthibitishia eti ukinzani wa waya wake ni mdogo kuliko wa wengine. Nyaya za mita peke yake zina ukinzani mkubwa kuliko waya unaopimwa. Mtakuwa mnasoma mita. Ukimpata fundi umeme wa nyumba mwenye mega, kile kifaa cha kupima kama ganda la waya linavujisha umeme, akupimie kwa volti 500 kati ya laivu na ethi. Ikisoma chini ya megaomu moja, waya huo usiuuze, ukate.

Bei nayo? Nilikaa na kalamu. Waya wenyewe wa 2.5, meta moja na nusu, haukuzidi 15,000. Plagi na kichwa vya dhahabu vilikuwa kama 40,000. Soksi na mipira ya kunywea kwa moto, 5,000. Jumla 60,000. Kazi ya siku nzima ya fundi nikaipa 40,000, na sijampunja. Zilizobaki, 80,000, ni maneno.

Na maneno hayauziki mara mbili. Mimi niliyanunua yakiwa moto, kutoka kinywani mwa mtu niliyemwamini, siku ambayo masikio yangu yalikuwa tayari. Mnunuzi wangu hakuwepo. Nikimrudishia maneno yaleyale ananiuliza mbona unauza. Shaba na vichwa avishike kwa mkono, kazi ya fundi aione kwa bisibisi, na hivyo viwili atavilipia, akiondoa kidogo kwa utumba. Ndiyo maana nyaya hizi huanguka bei kwa kishindo zikitoka mkono wa kwanza, na wenye nazo hukasirika wakidhani wanadhalilishwa.

Wazee wa biashara wa pwani wana kanuni yao, kubainisha aibu ya kitu: kasoro uijuayo uitaje kabla ya fedha kubadilisha mkono, la sivyo mnunuzi ana hiari ya kurudisha. Waya wangu ulikuwa na aibu mbili. Soksi ilikuwa imeraruka kidogo mahali paka alipokuwa akinolea kucha, ganda la chini likiwa zima. Na ni mzito, ukining'inia nyuma ya redio nyepesi unaivuta kichwa chake, kwa hiyo uegemezwe kwenye kitu. Nikaongeza ya tatu ambayo si ya waya: niliujaribu mara kumi nikapatia sita.

Aliyeununua ni kijana mwenye kibanda cha kahawa karibu na uwanja wa Mkwakwani. Alikuwa na amplifaya ya zamani, spika kubwa mbili, na mngurumo usiokwisha ambao wateja wake wa bao walikuwa wameanza kuuimbia. Alifungua plagi mwenyewe, akasoma maandishi, akakwangua uzi mmoja kwa wembe bila hata kuniomba ruhusa, nikampenda hapohapo.

"Kaka, utaondoa mngurumo?"

"Sikuahidi hilo. Mngurumo unaweza kuwa unatoka kwingine."

"Sasa kwa nini niununue?"

"Kama unataka waya mzima wa 2.5 wenye vichwa visivyoota kutu. Kama unataka dawa ya mngurumo, anza kwa kuchomoa kimoja kimoja."

Alitoa 60,000, nikataka 80,000, tukakutana kwenye 70,000, naye akadai fyuzi ya akiba juu yake. Nikampa.

Wiki mbili baadaye nilipita kibandani kwake. Waya wangu ulikuwa umelala juu ya tofali nyuma ya amplifaya, soksi imeshaanza kunukia tangawizi, na spika zilikuwa kimya kabisa kati ya wimbo na wimbo. Nikamwambia naona umefanya kazi. Akacheka, akanionyesha waya wa antena wa king'amuzi alioung'oa na kuuzungushia msumari ukutani. Mpira wataangalia kwa jirani.